Homa ya Ajia: mwarobaini, kipimo na chupa ya maji

West Nile ni miongoni mwa maeneo yenye malaria nyingi zaidi Uganda. Miti shamba, dawa za hospitali na homiopathi vyote vinamgombea mgonjwa mmoja, lakini uzito wa ushahidi haulingani.

Mvua zikishakolea West Nile, mtoto anaweza kulala mzima akaamka anachemka. Katika kata ya Ajia, kaunti ya Vurra, nje ya jiji la Arua, mama yake ana milango mitatu ya kubisha kabla jua halijapanda.

Wa kwanza uko uani kwake: mwarobaini. Anachuma matawi machanga, anayaosha vumbi, anayachemsha mpaka maji yageuke kijani iliyokolea na mvuke wake uchome macho. Yakipoa anamnywesha mtoto kidogo, kwa kumbana pua maana uchungu wake si wa mchezo, na yanayobaki anamwogesha.

Mlango wa pili ni duka la dawa pale senta, ambako mtu hununua vidonge kulingana na shilingi alizo nazo, hata kama ni nusu ya dozi. Wa tatu ni kituo cha afya cha serikali. Ada ya matibabu kwenye vituo vya umma ilifutwa tangu Machi 2001, lakini foleni ni ndefu, na mara nyingine mama hufika dirishani akaambiwa dawa zimekwisha, akanunue nje.

Katika miji ya Afrika Mashariki umeongezeka mlango wa nne. Ni vichupa vidogo vya vidonge vyeupe vitamu vinavyouzwa kwa jina la tiba ya asili isiyo na madhara, iitwayo homiopathi. Wauzaji wake wengi ni watu wapole na wenye nia njema. Hilo halipunguzi hatari yake hata kidogo pale homa inapokuwa malaria.

Na West Nile, homa mara nyingi ni malaria. Utafiti wa kitaifa wa 2018–19 ulikuta vimelea katika damu ya asilimia 9 ya watoto wa chini ya miaka mitano Uganda nzima. West Nile peke yake ilikuwa asilimia 22, nyuma ya Karamoja tu.

Malaria ya mtoto haina subira. Ikicheleweshwa hupanda kichwani: mwili unakakamaa, macho yanageuka, fahamu zinapotea. Pwani huitwa degedege, na hapo ndipo familia nyingi huacha kufikiria mbu na kuanza kutafuta mkono wa mtu au jini. Watafiti waliozungumza na akina mama wa Bagamoyo miaka ya 1990 walilikuta hilo waziwazi: homa ya kawaida ilipelekwa zahanati, degedege ilipelekwa kwa mganga.

Gome moja, njia mbili

Watu wengi wakisikia homiopathi hudhani ni jina la kizungu la miti shamba. Sivyo. Na wa kwanza kuumizwa na mchanganyiko huu ni waganga wa miti wenyewe, kwa sababu wanabebeshwa madai yasiyo yao.

Mwanzilishi wake ni Samuel Hahnemann, daktari Mjerumani aliyezaliwa Meissen mwaka 1755. Mwaka 1790 alikuwa akitafsiri kitabu cha dawa cha daktari Mskoti, William Cullen, akafika mahali panapoeleza gome la mti wa sinkona kutoka Amerika Kusini, lililokuwa likitibu homa za vipindi, yaani malaria. Maelezo ya Cullen hayakumridhisha. Akalinywa gome hilo yeye mwenyewe, hali ni mzima. Vidole vikamwingia baridi, moyo ukaenda mbio, mwili ukalegea kama wa mtu mwenye homa ile ile.

Kutokana na jaribio hilo akajenga kanuni yake: kinachomletea mtu mzima dalili fulani ndicho kinachomponya mgonjwa mwenye dalili hizo. Mwaka 1810 akaichapisha katika kitabu chake kikuu, Organon. Kwa hiyo homiopathi ilizaliwa kutokana na dawa ya malaria, ugonjwa unaowasumbua watu wa Ajia mpaka leo.

Kanuni yake ya pili ndiyo ngumu zaidi kukubalika. Chukua kijiko kimoja cha maji ya dawa, changanya na vijiko 99 vya maji safi, tikisa kwa nguvu. Hiyo ni hatua ya kwanza. Chukua kijiko kimoja cha mchanganyiko huo, uchanganye na vijiko vingine 99 vya maji safi, utikise tena. Kichupa kilichoandikwa 30C kimepitia hatua hizo mara 30.

Ukifuata hesabu za kemia, kufikia kama hatua ya 12 hakuna tena hakika ya kukuta hata chembe moja ya mti ulioanza nao. Kinachodondoshwa kwenye vidonge vya sukari baada ya hatua ya 30 ni maji au spiriti. Wahomiopathi wanajibu kwamba maji hukumbuka kilichopita ndani yake, na kwamba kadiri dawa inavyopunguzwa ndivyo nguvu yake inavyozidi.

> Mwarobaini ukichemshwa, ndani ya sufuria kuna mwarobaini. Kichupa cha 30C hakina kitu cha kupimwa.

Gome lile lile lilikuwa na njia nyingine. Mwaka 1820 wakemia wawili wa Ufaransa, Pelletier na Caventou, walifanikiwa kutoa ndani yake kitu kimoja kinachoua vimelea, kwinini. Kuanzia hapo dawa ikaweza kupimwa kwa mizani, dozi ya mtoto ikatofautishwa na ya mtu mzima, na gome bandia likajulikana. Wazee wetu wengi bado wanakumbuka ule mvumo wa masikio baada ya kuchomwa kwinini.

Ushahidi wa miaka ya karibuni hauiungi mkono njia ya Hahnemann. Mwaka 2015 Baraza la Taifa la Utafiti wa Afya na Tiba la Australia lilimaliza kupitia tafiti zilizokuwepo na kutamka kwamba hakuna ugonjwa hata mmoja ambao kuna ushahidi wa kuaminika kuwa homiopathi inautibu. Shirika la Afya Duniani, WHO, lilishatoa onyo mwaka 2009, likitaja magonjwa yenyewe: malaria, kifua kikuu, Ukimwi, mafua makali na kuhara kwa watoto wachanga. Si magonjwa ya Ulaya hayo. Ni orodha ya daftari la wagonjwa la kituo chochote cha afya Vurra au Koboko.

Miaka mitatu kabla ya onyo hilo, mjini London, uchunguzi wa waandishi na wanasayansi ulimtuma msichana kwenye zahanati na maduka 10 ya homiopathi, akijifanya msafiri wa kuja Afrika kwenye malaria. Kote alipokwenda walikuwa tayari kumpa kinga ya homiopathi badala ya kumwelekeza kwenye dawa za malaria. Mtu kutoka London huugua akiwa na bima na ndege ya kumrudisha. Wa Ajia hana.

Kwa haki, homiopathi ina wafuasi mamilioni. India ina wizara kamili inayoisimamia pamoja na tiba za jadi za huko, Wizara ya AYUSH, iliyoundwa 2014. Kutoka India na Ulaya imeingia Kenya na Tanzania, na zimo kliniki zinazotoza kidogo sana au zinazotibu bure. Wanaozitumia si wajinga. Tutaona mbele kwa nini wanarudi.

Ua la Madagaska, uvimbe wa Kuluva

Wapo madaktari wanaotupilia mbali kila kinachotoka mtini, na hao nao wanakosea. Jibu lao liko hapo hapo Vurra, katika Hospitali ya Kuluva.

Mwaka 1958 Denis Burkitt, daktari mpasuaji wa Mulago, aliandika kuhusu uvimbe wa ajabu wa taya, aina ya saratani, uliokuwa ukiua watoto. Mwaka 1961 alifunga safari ya gari kutoka Uganda mpaka Afrika Kusini, karibu kilomita 16,000, akiuliza hospitali baada ya hospitali kama zimeuona. Aliongozana na madaktari wawili, mmoja akiwa Ted Williams wa Kuluva. Walirudi na ramani: uvimbe ule ulifuata joto na mvua, mahali pale pale penye malaria.

Williams alikuwa na desturi ya kuandika kila mgonjwa na kijiji chake. Kumbukumbu zake zilisaidia kuifanya West Nile kuwa uwanja wa utafiti mkubwa wa miaka ya 1970, ambapo damu za watoto wapatao 42,000 zilichukuliwa ili kujua uhusiano wa saratani hiyo na virusi vya Epstein-Barr. Dunia ilijifunza mengi kuhusu chanzo cha saratani kutokana na mikono ya watoto hawa wa Arua, na ni aibu kwamba wajukuu wao hawasomeshwi habari hii shuleni.

Miongoni mwa dawa zilizokuja kuutibu uvimbe huo ni vinkristini. Inatoka kwenye ua dogo la waridi au jeupe lenye asili ya Madagaska, ambalo leo limepandwa mbele ya nyumba nyingi Afrika Mashariki kwa ajili ya urembo tu.

Namna lilivyogunduliwa ni funzo lenyewe. Waganga wa jadi walilitumia ua hilo kwa ugonjwa wa kisukari. Watafiti wa Kanada walipolipima miaka ya 1950 hawakuona lolote la maana kwenye sukari, ila waliona chembe nyeupe za damu zinapungua sana. Wakafuata uzi huo, na hatimaye zikapatikana dawa za saratani ya damu na ya tezi. Mganga alielekeza kwenye mmea, vipimo vikaonyesha mmea unafanya nini hasa. Na majani yale yale, yakichemshwa nyumbani na kunywewa, ni sumu.

Kikombe cha artemisia

Hakuna mmea unaobishaniwa Afrika Mashariki sasa kama artemisia, ule wa Kichina wenye majani mithili ya karoti. Ndio uliompa mwanasayansi wa China, Tu Youyou, Tuzo ya Nobel mwaka 2015.

Alianza kazi hiyo katika mpango wa siri wa jeshi la China uliozinduliwa Mei 1967, askari walipokuwa wanakufa kwa malaria misituni. Alipekua vitabu vya kale, akakuta maandishi ya tabibu Ge Hong ya karne ya 4, yanayosema mmea huo ulowekwe majini kisha ukamuliwe. Hayasemi uchemshwe. Tu akatambua kwamba huenda moto ndio uliokuwa ukiiharibu dawa, akaikamua kwa joto dogo, na artemisinini ikapatikana. Leo ndiyo msingi wa vidonge mseto tunavyopewa hospitalini, ambavyo wengi huviita Coartem hata vikiwa vya kampuni nyingine.

Hoja ya watetezi wa miti ni rahisi: kama dawa ya kiwandani inatokana na mmea, kwa nini mwananchi asipande mmea akanywa chai? Shirika la anamed, lililoanzia kazi ya mfamasia Mjerumani Hans-Martin Hirt nchini Zaire ya miaka ya 1980, limeeneza miche na mafunzo kwa miaka mingi, Uganda ikiwemo. Hoja yao ina uzito pale ambapo duka la dawa liko mbali na pesa hakuna.

Chai hiyo ilipimwa, tena jirani kabisa, nchini Kongo. Matokeo yalichapishwa 2004: baada ya siku saba, waliokunywa chai na kupona walikuwa wastani wa asilimia 74, dhidi ya asilimia 91 waliopewa kwinini. Hapo mtu anaweza kusema si haba. Tatizo lilikuja wiki zilizofuata, vimelea viliporudi kwa wengi wa waliokunywa chai. Watafiti wenyewe, ambao hawakuwa maadui wa mmea, walisema hauwezi kupendekezwa peke yake badala ya dawa za kisasa.

Uganda nayo ilijaribu upande wa kinga. Profesa Patrick Ogwang na wenzake waliwapa wafanyakazi wa shamba la maua chai ya artemisia mara moja kwa wiki, na wakaona walioinywa walipungukiwa na malaria za kujirudiarudia. Ni matokeo ya kuheshimiwa, kwa watu wazima, katika sehemu moja.

WHO ilisema wazi mwaka 2019 kwamba haiungi mkono chai wala unga wa artemisia, kwa kutibu wala kukinga. Kiasi cha dawa hutofautiana kikombe hadi kikombe, na kidogo kisichotosha huvifundisha vimelea kuzoea.

> Huko Gulu, wagonjwa 14 kati ya 240 walikuwa na vimelea vilivyochelewa kufa kwa artemisinini.

Woga huo hauko China. Uko barabara ya Gulu. Septemba 2021 jarida la tiba la New England lilichapisha utafiti wa kaskazini mwa Uganda, uliofanywa kati ya 2017 na 2019: kati ya wagonjwa 240 waliotibiwa kwa artesuneti, dawa ya jamii ya artemisinini, 14 walionyesha dalili za usugu, na karibu wote walikuwa na vimelea vilivyobadilika chembe za urithi. Usugu huo ulizaliwa hapa hapa Afrika, haukuletwa kutoka Asia. Nusu dozi ya dukani inachangia hatari hiyo sawa na kikombe chepesi cha chai, na hilo halisemwi vya kutosha na wale wanaowalaumu waganga peke yao.

Maji ya Rembe

Watu wa huku wana historia yao na maji yenye nguvu. Mwishoni mwa karne ya 19 maradhi yaliwaandama watu na mifugo kaskazini-magharibi mwa Uganda. Wazee wa Kilugbara walimwendea mtabiri wa Kikakwa aitwaye Rembe, kutoka upande wa Koboko na Yei (sasa Sudan Kusini), wakarudi na maji ya kukinga maradhi. Dawa hiyo iliitwa Yakan, na Wazungu waliiandika kama Maji ya Allah.

Waingereza walipoingia na kodi na machifu wa kuteuliwa, maji yale yale yalichukua kazi nyingine. Yalisemwa kuwa yatawalinda wanywaji dhidi ya risasi, kama ilivyokuwa kwa maji ya Kinjikitile Ngwale kule Ngarambe katika vita vya Majimaji vya 1905. Rembe alinyongwa Yei mwaka 1917. Miaka miwili baadaye wafuasi wa Yakan walipigana na polisi wa serikali, na wengi walikufa.

Siwahukumu wazee wale. Walikuwa wamezungukwa na vifo, na hakuna aliyewaletea kitu kingine cha kushika. Lakini maji hayakuzuia maradhi, wala hayakuzuia risasi. Matumaini kama hayo yalirudi nchini Tanzania: mwaka 2011 maelfu walipanga foleni ya kilomita nyingi kijijini Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile kwa shilingi 500 za Tanzania. Baadhi walitolewa vitanda vya hospitali kupelekwa huko, na wakafia njiani.

Mbona wengine hupona?

Hili ndilo swali la haki kuliko yote, na anayelikwepa hatasikilizwa Ajia.

Mtu mzima aliyekulia West Nile ameumwa na mbu wenye malaria maisha yake yote. Mwili wake umejijengea kinga ya kiasi. Homa ikimpata huweza kumwachia yenyewe siku ya tatu au ya nne, awe amekunywa mwarobaini, kidonge cha sukari au maji ya kisima. Zaidi ya hapo, si kila homa ni malaria. Mafua hupita yenyewe. Kila anayepona hivyo anakuwa shahidi wa kile alichokunywa mwisho.

Mtoto wa chini ya miaka mitano hana kinga hiyo. Mama mjamzito, hasa wa mimba ya kwanza, kinga yake hupungua. Dawa inayoonekana kumfaa baba inaweza kumuua mwanawe, si kwa ubaya wa dawa, bali kwa saa zilizopotea.

Tena neno asili si hati ya usalama. Mafuta ya mbegu za mwarobaini waliyonyweshwa watoto wachanga huko Malaysia yaliwasababishia degedege na ubongo kuvimba, na habari hiyo iliandikwa katika jarida la Lancet tangu 1981. Majani si mafuta, lakini anayeuza chupa ya mafuta sokoni hatofautishi.

Sababu nyingine ya watu kurudi kwa mganga na kwa mhomiopathi haiko kwenye dawa kabisa. Mhomiopathi humkalisha mgonjwa karibu saa nzima siku ya kwanza: analala vipi, anaota nini, ana hofu gani, nani amemkasirisha. Mganga wa Kilugbara humuuliza mtu habari za ukoo wake, madeni na mazishi yaliyochelewa. Muuguzi mmoja mwenye wagonjwa 80 kwenye benchi hana dakika tatu. Mtu mwenye maumivu ya mgongo ya miaka, au usingizi uliomkimbia tangu vita vya Sudan Kusini vilipomfukuza kwao Yei, anaondoka kwa mganga akiwa amesikilizwa. Hilo ni tendo la tiba, na serikali haijaligharimia.

Hata sifa ya kwanza ya homiopathi haikutokana na dawa yake. Kipindupindu kilipoipiga London mwaka 1854, wagonjwa waliokufa katika hospitali ya homiopathi walikuwa wachache kuliko kwingineko. Madaktari wa kawaida wakati huo walikuwa wakiwatoa wagonjwa damu na kuwapa zebaki. Matone ya maji yalishinda kwa sababu hayakuua.

Sheria imefika, daftari bado

Kwa miaka mingi mganga wa Uganda aliishi chini ya kivuli cha Sheria ya Uchawi ya 1957. Sheria hiyo ilisema anayetengeneza na kuuza dawa za kienyeji kwa nia njema si mchawi, lakini kijijini mstari huo haukuonekana sana. Tanzania ilipata sheria yake ya tiba asili na tiba mbadala mwaka 2002. Uganda ilisubiri mpaka 2019, Bunge lilipopitisha sheria ya tiba za jadi na tiba mbadala, yenye baraza la kuwasimamia wataalamu wake.

Dawa zenyewe zinasimamiwa na Mamlaka ya Taifa ya Dawa, NDA, iliyoundwa kwa sheria ya 1993. Wakati wa korona nchi nzima ilijifunza maana ya kibali chake. Juni 29, 2021, NDA iliiruhusu Covidex, dawa ya miti iliyotengenezwa na yule yule Profesa Ogwang wa Chuo Kikuu cha Mbarara, itumike kama msaada wa matibabu. Haikusema inatibu korona. Mitaani neno msaada lilidondoka, bei ikapaa, na watu wakajaza makabati.

Wajanja nao wapo. NDA imewahi kuwatahadharisha wananchi juu ya dawa za nguvu za kiume zilizouzwa kama mitishamba mitupu kumbe zimetiwa sildenafili, dawa ya kiwandani inayoweza kumwangusha mwenye maradhi ya moyo. Mganga mkweli wa Vurra na tapeli wa stendi, mbele ya mteja, wana chupa zinazofanana.

Walioketi meza moja

Ugomvi huu si lazima. Mwaka 1992, Ukimwi ulipokuwa unaimaliza Kampala, TASO, shirika la kuwahudumia wenye Ukimwi, na Madaktari Wasio na Mipaka walianzisha THETA ili waganga na madaktari wafanye kazi pamoja. Walichukua ugonjwa mmoja unaoonekana kwa macho, mkanda wa jeshi, wakawafuatilia wagonjwa wa waganga sambamba na wa hospitali. Vipele vilipona kwa kasi inayokaribiana, na maumivu yalitulia mapema zaidi kwa waliotumia miti. Matokeo yakachapishwa 1999 kama utafiti mwingine wowote. Waganga nao walijifunza kuvaa glavu, kuacha kutumia wembe mmoja kwa watu wengi, na kuwaambia wateja wao wakapime.

Tanga ilikwenda njia hiyo hiyo mwanzoni mwa miaka ya 1990, waganga wakiwatembelea wagonjwa wa Ukimwi kwa ushirikiano na hospitali. Kilosa na Handeni, watafiti waliwahoji waganga wanaowatibu watoto wenye degedege na kuwakuta wengi wako tayari kuwapeleka hospitali haraka, iwapo hospitali haitawafokea.

> Muuguzi akiuliza kwa upole, mama atasema alichompa mtoto. Akifokewa, atanyamaza.

Hilo la kufokewa ni kubwa kuliko linavyoonekana. Daktari anahitaji kujua mtoto amenyweshwa nini tangu jana, maana figo na ini vinaweza kuwa vimeguswa. Swali linalofaa ni jepesi: "Mama, kabla ya kuja hapa umempa nini?" Likiulizwa bila dharau, hujibiwa.

Kipimo cha haraka cha malaria kinahitaji tone moja la damu ya kidole na dakika kama 15 au 20. Mstari mmoja, hakuna malaria; miwili, ipo. Wahudumu wa afya wa vijiji, VHT, wanaweza kukifanya chini ya mwembe na kutoa vidonge hapo hapo, mradi kisanduku chao hakijakaa kitupu. Mganga naye anaweza kufundishwa dalili tano za kutomgusa mtoto: degedege, kushindwa kunyonya au kunywa, kutapika kila kitu, kupumua kwa shida, kulegea asiamke. Akiona mojawapo, bodaboda iitwe.

Miti nayo inahitaji kipimo chake. Taasisi ya serikali ya kuchunguza dawa za asili ipo Wandegeya, Kampala, tangu 1964, karibu kilomita 500 kutoka Arua. Mganga wa Koboko hatapanda basi usiku kucha na gunia la mizizi. Arua ina Chuo Kikuu cha Muni tangu 2013, chenye kitivo cha sayansi ya afya, na wanafunzi wake wengi wametoka katika nyumba ambazo bibi anajua majani gani ni ya tumbo na yapi ya kikohozi. Wangeweza kuanza na ile mitugutu michungu ambayo Kampala huiita mululuza: kiasi gani ni salama, kwa nani, kwa siku ngapi, na ipi haichanganywi na vidonge vya hospitali.

Mwaka wa fedha wa Uganda huanza Julai 1, na bajeti za wilaya hujadiliwa miezi kabla yake. Diwani wa Ajia na mwenzake wa Koboko wanaweza kuulizwa mambo mawili kwenye baraza: mwaka huu vipimo na dawa vya VHT vimetengewa shilingi ngapi, na ni nani amepewa kazi ya kuandika majina ya waganga wa kata.